Saratani ya taya: Seli ziko tayari kufa, tiba ndiyo inayochelewa

KATIKA mwili wa mtu mzima, seli zinazokadiriwa kuwa kati ya bilioni 50 na 70 hufa kila siku bila mwenye mwili kuhisi lolote. Hazifi kwa ugonjwa wala kwa jeraha. Hufa kwa amri na kwa utaratibu, ili seli nyingine zichukue nafasi zao.

Amri hiyo inapopuuzwa, seli iliyopaswa kuondoka ikabaki na kuanza kuzaana, mlango wa saratani hufunguka. Ndiyo maana kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wamekuwa wakiuliza swali linaloonekana jepesi: Ni nani anayeamua kwamba seli hii ife na ile iishi?

Jibu la swali hilo limeshapatikana kwa kiasi kikubwa. Kwa Afrika Mashariki, jibu hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa moja ya saratani zilizowafundisha wanasayansi somo hili iligunduliwa katika ukanda huu. Ni saratani ya Burkitt, inayojulikana kwa wengi kama saratani ya taya ya watoto.

Ni saratani inayokua kwa kasi kuliko karibu nyingine zote zinazompata binadamu. Wakati huohuo, ni miongoni mwa zile zinazotibika kwa urahisi zaidi, kwa dawa ambazo zimekuwapo tangu miaka ya 1960. Hata hivyo watoto wa ukanda huu bado wanakufa kwayo. Pengo lililopo kati ya kinachowezekana na kinachotokea ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Amri iliyoandikwa ndani ya seli

Mwaka 1972, watafiti watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walichapisha makala iliyoeleza kwamba seli zina namna mbili za kufa. Ya kwanza ni ile ya ajali: Seli huungua, hukosa hewa au husagwa, ikapasuka na kumwaga yaliyomo, na mahali hapo pakavimba na kuuma.

Ya pili ni tofauti kabisa. Seli husinyaa polepole, hujikata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli nyingine huvimeza vipande hivyo bila kuacha taka wala uvimbe. Waliipa namna hiyo jina la apoptosisi, neno la Kigiriki linalotumika kueleza majani yanavyopukutika mtini.

Kifo cha aina hii kipo tangu tumboni mwa mama. Vidole vya mtoto hutengana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake, mfano wa utando wa mguu wa bata, hupewa amri ya kufa. Mkia wa kiluwiluwi hutoweka kwa njia hiyohiyo anapogeuka kuwa chura.

Kwamba amri hiyo imeandikwa katika jeni kulithibitishwa kwa kumchunguza mnyoo mdogo sana wa udongoni. Katika kukua kwake, mnyoo huyo hutengeneza seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo seli 131 hufa, zilezile na kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Kazi hiyo iliwapatia Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2002.

Walinzi, wajumbe na wanyongaji

Ndani ya seli ya binadamu, uamuzi huo hupitia mikononi mwa kundi la protini zinazoitwa familia ya BCL-2. Familia hii imegawanyika katika pande zinazovutana.

Upande mmoja wapo walinzi, akiwamo BCL-2 mwenyewe, ambao kazi yao ni kuizuia seli isife. Upande wa pili wapo wanyongaji wawili, BAX na BAK. Katikati wapo wajumbe, kama vile BIM na PUMA, ambao huleta habari kwamba mambo yameharibika: Jeni zimekatika, chakula kimekwisha au seli imepotea njia.

Wajumbe wakiwa wachache, walinzi huwashika na kuwanyamazisha. Wakizidi, walinzi huelemewa, na BAX na BAK hutoboa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nguvu. Hapo protini iitwayo saitokromu c, ambayo siku zote husaidia kuzalisha nguvu hiyo, huvuja nje na kuamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Vimeng'enya hivyo huikatakata seli kwa ndani. Ugunduzi kwamba protini inayohudumia uhai ndiyo hiyohiyo inayotangaza kifo ulifanywa na Xiaodong Wang na wenzake nchini Marekani mwaka 1996.

Juu ya kundi hilo yupo msimamizi aitwaye p53, aliyegunduliwa mwaka 1979. Jeni za seli zikiharibika, p53 huisimamisha seli ili ijirekebishe, na ikishindikana huwatuma wajumbe wa kifo. Katika karibu nusu ya saratani za binadamu, p53 ameharibika.

Mfano unaoeleweka kwa urahisi ni wa tembo. Kwa ukubwa wa mwili wake na wingi wa seli zake, tembo angepaswa kuugua saratani mara nyingi kuliko binadamu, lakini huugua kwa nadra. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba wakati binadamu ana jozi moja tu ya jeni ya p53, tembo ana jozi 20. Seli ya tembo ikiharibika hufa mapema, badala ya kubaki hai na kasoro yake.

Uvimbe unaokua huku ukifa

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Baadaye akakuta mtoto mwingine wa aina hiyo katika hospitali ya Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya wiki 10, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, akipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza wapi ugonjwa huo unaonekana na wapi hauonekani.

Ramani aliyoipata ililingana kwa karibu na ramani ya maeneo yenye joto na mvua, ambayo ndiyo ya malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivigundua virusi katika seli za uvimbe zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Kilichofuata kilieleza kwa nini uvimbe huo hukua kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1982 ilibainika kwamba katika seli ya saratani hiyo, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kuhamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu namba 14. MYC ni jeni inayoiamuru seli igawanyike. Inapohamia jirani na jeni zinazotengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizi nyeupe za damu hazipumziki, amri ya kugawanyika haikomi. Seli hizo zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48.

Lakini MYC ina upande wa pili. Mwaka 1992 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba jeni hiyohiyo inayosukuma ukuaji huiweka pia seli karibu na kifo. Ni kinga ya asili. Seli inayolazimishwa kugawanyika bila mpango hupelekewa wajumbe wa kifo, hasa BIM, pamoja na msimamizi p53.

Ili saratani isimame, lazima kinga hiyo itobolewe. Katika uvimbe mwingi wa Burkitt, p53 ameharibika, au MYC yenyewe imebadilika kiasi cha kushindwa kumwita BIM. Virusi vya Epstein-Barr navyo husaidia kuwanyamazisha wajumbe hao. Malaria inayorudi mara kwa mara huzichochea seli nyeupe za damu kugawanyika na kukata jeni zake, hivyo kuongeza uwezekano wa kosa la kuhamisha MYC.

Hata hivyo kinga hiyo haitobolewi yote. Mtaalamu wa patholojia anapoweka uvimbe wa Burkitt chini ya hadubini huona mfano wa anga ya usiku yenye nyota. Weusi wa anga ni seli za saratani zilizosongamana. Nyota ni seli kubwa zilizokuja kumeza mabaki ya zile zinazokufa. Maana yake ni kwamba hata kabla ya dawa yoyote, uvimbe huo umejaa vifo, na seli zake zinaishi ukingoni mwa shimo.

Dawa za zamani, kazi ileile

Hapo ndipo siri ya tiba ilipo. Mapema miaka ya 1960, Burkitt mjini Kampala na Peter Clifford jijini Nairobi waliwapa watoto dawa ya siklofosfamidi na nyingine za aina hiyo. Uvimbe mkubwa uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona baada ya dozi chache sana.

Wakati huo hakuna aliyejua sababu. Neno apoptosisi lilikuwa bado halijatungwa. Leo inafahamika kwamba dawa hizo haziichomi seli kama tindikali. Huharibu jeni zake, wajumbe wa kifo hupeleka habari, na seli hukamilisha kazi yenyewe. Seli iliyokwisha kufika ukingoni huhitaji kusukumwa kidogo tu.

Mwaka 1967 ilianzishwa mjini Kampala taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na limfoma hii ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwanzo. Kwa maneno mengine, ukanda huu ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani kuthibitisha kwamba saratani iliyosambaa inaweza kuponywa kwa dawa.

Leo, katika nchi tajiri, karibu watoto tisa kati ya 10 wenye saratani ya Burkitt hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, wanaopona ni nusu au chini ya hapo. Kwa saratani zote za watoto, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 80 hupona katika nchi tajiri, na chini ya asilimia 30 katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati.

Mtoto wa Ukerewe na wa London wana seli za aina moja, MYC ya aina moja na kaspasi za aina moja. Tofauti ya matokeo lazima itafutwe nje ya seli.

Muda unaopotea njiani

Tofauti ya kwanza ni muda. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni jino kulegea au shavu kuvimba, na safari ya kwanza ya mzazi huwa kwa mganga, kwenye duka la dawa au kwa mng'oa meno. Uvimbe ukiwa tumboni, mtoto huweza kutibiwa minyoo au kifua kikuu kwa wiki kadhaa. Kwa ugonjwa unaohesabu saa, wiki ni muda mrefu mno.

Ya pili ni uchunguzi. Ili kuthibitisha ugonjwa huu inatakiwa sampuli ya nyama ya uvimbe, maabara na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Mzazi wa visiwani Ukerewe huvuka ziwa kwa kivuko kufika Mwanza kabla sampuli haijakatwa.

Ya tatu ni jambo ambalo elimu ya kifo cha seli hulieleza vizuri kuliko takwimu yoyote. Seli nyingi zikifa kwa mkupuo, mabaki yake hujaa kwenye damu. Potasiamu hupanda na kuweza kusimamisha moyo, na asidi ya yuriki huziba figo. Mtoto anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi haraka mno. Kinga yake si ghali: Maji ya dripu ya kutosha, dawa ya alopurinoli na vipimo vya damu vya mara kwa mara katika siku za mwanzo. Lakini vyote hivyo vinahitaji muuguzi aliye macho usiku na maabara inayofanya kazi siku ya Jumapili.

Ya nne ni madhara ya dawa kwa seli nzima. Uboho, utando wa utumbo na vinyweleo navyo vina seli zinazogawanyika haraka, na swichi yake ni ileile. Nywele hunyonyoka, na seli za kinga hupungua. Madaktari wa Ulaya hutoa dozi kali kwa kuwa wana antibiotiki, damu na vyumba vya uangalizi maalumu vya kumvusha mtoto katika siku hizo za hatari. Madaktari wa Afrika mara nyingi hulazimika kupunguza makali ya dozi, wakijua kwamba maambukizi yanaweza kumuua mtoto kabla ya saratani.

Ya tano ni kuacha tiba katikati. Uvimbe unapoyeyuka baada ya dozi ya kwanza, mzazi aliyeacha watoto wengine nyumbani na shamba likiwa halijapaliliwa huona mwanawe amepona. Hurudi kijijini. Seli chache zilizosalia, ambazo pengine ndizo zilizokuwa na walinzi wengi zaidi, huanza upya, na safari hii ni ngumu kuziua.

Dawa mpya si jibu la kila mahali

Elimu ya familia ya BCL-2 imezaa pia dawa za kisasa. Mwaka 1988, watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba BCL-2 haisukumi seli igawanyike bali huizuia isife, wazo ambalo lilikuwa geni wakati huo. Miaka 28 baadaye, Aprili 2016, Marekani iliidhinisha venetoklaksi, kidonge kinachomshika mlinzi huyo na kuwaachia huru wajumbe wa kifo. Kimebadilisha maisha ya wagonjwa wazee wa aina fulani ya saratani ya damu.

Ni ushindi wa kweli wa sayansi, lakini ni rahisi kujifunza somo lisilo sahihi kutokana nao. Uvimbe wa Burkitt kwa kawaida hautegemei BCL-2, kiasi kwamba kukosekana kwa protini hiyo ni moja ya alama zinazowasaidia wataalamu kuutambua. Kununua dawa hiyo kwa gharama kubwa kusingewaokoa watoto wengi wa Kanda ya Ziwa, Kisumu au Gulu. Wanachokihitaji tayari kimo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Mahali ambapo sayansi mpya inaweza kusaidia zaidi ni katika utambuzi. Seli zinapokufa huacha vipande vya jeni zake katika damu, na uvimbe uliojaa vifo huacha vingi. Mradi wa utafiti uitwao AI-REAL, unaowashirikisha Chuo Kikuu cha Oxford na wataalamu wa Tanzania na Uganda, umekuwa ukichunguza kama kipimo cha damu kinaweza kuutambua ugonjwa huu mapema kwa kusoma vipande hivyo. Kikifanikiwa, damu itaweza kusafiri badala ya mtoto.

Kinga nayo ina nafasi yake. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tatu zilizoanza kwa majaribio kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, na WHO ikaipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021 na nyingine Oktoba 2023. Malaria ikipungua kwa watoto wadogo, kuna sababu ya kutarajia kwamba saratani hii nayo itapungua.

Kipimo cha mafanikio

Mwaka 2018 WHO ilizindua mpango wa dunia wa saratani za watoto, wenye lengo la kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wanaougua wanapona ifikapo mwaka 2030. Limfoma ya Burkitt ni moja ya saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo cha lengo hilo. Uteuzi huo haukufanywa kwa bahati. Nchi inayoshindwa kuutibu ugonjwa huu haiwezi kusingizia uhaba wa elimu wala wa dawa.

Serikali za ukanda huu zimechukua hatua kadhaa. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kenya ilianza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) badala ya NHIF Oktoba 2024. Huduma za saratani za watoto zinatolewa Muhimbili, Bugando, KCMC, Eldoret, Nairobi na Kampala.

Lakini bima hulipia dawa na kitanda. Hailipii kivuko wala basi, wala wiki ambazo mama hukaa mjini bila kipato. Watunga sera wakiutazama ugonjwa huu kwa macho ya bei ya dawa pekee, watakuwa wametibu sehemu ndogo ya tatizo.

Hatua zinazohitajika zinajulikana. Mganga wa zahanati afundishwe kwamba jino la mtoto linalolegea pamoja na shavu lililovimba ni dharura, na rufaa itoke siku hiyohiyo. Majibu ya sampuli yahesabiwe kwa siku. Dawa tatu nne za msingi zisikosekane ghalani hata wiki moja. Mzazi apewe nauli na mahali pa kulala hadi dozi ya mwisho, kwa kuwa dozi isiyokamilika ni fedha ya umma iliyomwagwa.

Katika saratani nyingi, madaktari wa dunia nzima bado wanapambana na seli zinazokataa kufa. Katika hii, seli zilikwisha kukubali tangu miaka ya 1960. Kila mtoto anayepotea kwa ugonjwa huu ni wa kuulizwa: Aliugua lini, alifika lini, na nani aliyemchelewesha?